Mvua Ikinyesha Mlimani: Mwongozo Kamili wa Kujikinga na Radi na Mafuriko ya Ghafla Arusha na Moshi

Mkazi wa Arusha aliyeuzoea mji wake anajua kuwa siku ya hatari si lazima iwe siku ya mvua. Anaweza kuwa ameketi kibarazani Muriet kwenye jua la saa tisa alasiri, nguo zimeanikwa kambani na vumbi linatimka barabarani, huku upande wa kaskazini Mlima Meru umefunikwa na wingu jeusi lililokwisha kumeza kilele na nusu ya msitu. Baada ya muda mfupi korongo lililokuwa kavu, ambalo watoto hulikatiza kwenda dukani, linajaa maji yenye rangi ya chai ya maziwa, yaliyobeba mawe, magogo na takataka za mji mzima, wakati pale kibarazani halijadondoka hata tone moja.

Sababu yake ni umbile la nchi yenyewe. Kilele cha Meru kiko mita 4,562 juu ya usawa wa bahari, katikati ya jiji la Arusha ni takriban mita 1,400, na umbali kati ya sehemu hizo mbili kwa mstari ulionyooka ni kama kilomita 15 tu. Mji wa Moshi uko chini ya mita 1,000, na Kibo, kilele cha Mlima Kilimanjaro chenye mita 5,895, kiko kama kilomita 30 kutoka hapo. Sehemu kubwa ya mvua huangukia kwenye mteremko wa kusini wa milima hii, yaani upande ule ule ulioelekea miji yetu. Mvua ya milimita 50 ikinyesha kwenye kilomita moja tu ya mraba, inaleta lita milioni 50, sawa na matangi 50,000 ya lita 1,000, na sehemu ya maji hayo ambayo udongo haukuweza kuinywa inatafuta njia ya kushuka. Zamani yalikutana na misitu, vihamba (mashamba ya nyumbani ya Wachaga) na nyasi. Siku hizi yanakutana na mabati, lami, nyua zilizosakafiwa na makorongo yaliyopunguzwa upana kwa kujengwa na kutupwa taka.

Kwa hiyo mwongozo huu unamtaka msomaji atazame mlima kwanza, kabla hajaitazama anga iliyo juu ya paa lake, na kwamba maamuzi makubwa ayafanye mapema, kwa sababu maji yakishafika hayampi mtu nafasi ya kufikiri.

Hatua ya kwanza: ijue njia ya maji wakati wa kiangazi

Masika huanza Machi na kuishia Mei, na vuli ni kati ya Oktoba na Desemba. Chagua siku moja mwezi wa Februari na nyingine mwezi wa Septemba, uvae viatu imara, ulifuate korongo au mfereji ulio karibu na nyumba yako kuelekea juu, kilomita moja au mbili. Angalia kalavati zilizoziba, mahali ambapo kingo zimeliwa, mahali ambapo mtu amejenga ukuta unaosukuma maji upande wa pili, na daraja dogo ambalo magogo yanaweza kunasa. Daraja likiziba, maji hayasimami kusubiri; yanaruka kando na kupita katikati ya nyumba ambazo hazijawahi kufikiriwa kuwa ziko kwenye njia ya mto.

Waulize wazee wa mtaa maji yaliwahi kufika wapi. Mzee anaweza kukuonyesha kwa fimbo mti au jiwe ambalo mto ulilifikia, na ushuhuda huo una thamani kuliko maneno ya muuzaji wa kiwanja. (Dalali hakuonyeshi kiwanja cha bondeni mwezi wa Aprili, atakupeleka Agosti, wakati korongo linaonekana kama uwanja mzuri wa kuchezea mpira.) Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 kutoka kwenye kingo za mto, na hata asiyejali sheria anapaswa kuichukulia namba hiyo kama kipimo cha usalama wa wanawe.

Kwa wakazi wa Arusha, mito ya kuifahamu ni pamoja na Themi, Naura, Ngarenaro, Kijenge na Burka, pamoja na makorongo yasiyo na jina yanayoingia humo. Kwa wakazi wa Moshi ni Karanga, Rau, Njoro na Weruweru. Kwenye vihamba vya Uchagani iko pia mifongo, mifereji ya asili ya kumwagilia, ambayo ikiachwa wazi au ikipasuka wakati wa mvua kubwa huyageuza maji ya umwagiliaji kuwa mafuriko ya jirani wa chini. Anayesimamia zamu ya mfongo lazima aufunge kwenye banio mapema, wingu likiwa bado mlimani. Watu wa tambarare, kama vile Mabogini, Chekereni na Kahe, wana hali tofauti kidogo: maji huchelewa kuwafikia, lakini yakifika hutandaa mashambani na kukaa siku nyingi.

Maliza matembezi yako kwa kuchagua mahali pa juu pa kukimbilia, na njia ya kufika huko ambayo haivuki korongo lolote. Sharti hilo la mwisho husahaulika sana, na njia isiyolitimiza haifai kitu.

Hatua ya pili: iandae nyumba

Paa lenye mita za mraba 100 hupokea lita 5,000 katika mvua ya milimita 50. Maji hayo yasipoelekezwa kwenye mfereji unaopitika, yatachimba msingi wako mwenyewe. Zibua mitaro, pigilia upya misumari ya bati iliyolegea, na kagua kenchi zilizoliwa na mchwa, kwa maana upepo unaotangulia mvua ya radi ndio unaong'oa mapaa. Miti mikubwa iliyoinamia nyumba, hasa mikaratusi na migrevilea, ipunguzwe matawi wakati wa ukame.

Ukuta wa uzio unastahili neno la pekee. Wengi wetu hujenga ukuta wa bloku usio na tundu hata moja upande wa chini, na ukuta huo hugeuka kuwa bwawa. Maji yakikusanyika nyuma yake unabeba uzito ambao haukujengewa, kisha unaanguka wote kwa pamoja, mara nyingi juu ya wapita njia au juu ya chumba cha jirani. Acha matundu ya kupitisha maji karibu na usawa wa ardhi, kila baada ya hatua chache. Nyumba za tofali za udongo mbichi nazo zina hatari yake: hulowa taratibu, na zinaweza kuanguka saa nyingi baada ya maji kuondoka.

Mifuko ya salfeti iliyojazwa mchanga nusu na kufungwa, ikipangwa mlangoni kama tofali, huzuia maji ya kina kifupi. Haizuii mto.

Hatua ya tatu: makubaliano ya familia na mkoba mmoja

Kaeni jioni moja mkubaliane mambo manne: nani anamshika bibi, nani anamshika mtoto mchanga, nani anazima umeme na gesi, na mnakutana wapi mkipotezana. Mkoba uwe na tochi, betri za akiba, maji ya kunywa, dawa za anayetumia dawa kila siku, sweta, filimbi, fedha taslimu kidogo, na nyaraka ndani ya mfuko wa plastiki uliofungwa vizuri: vyeti vya kuzaliwa, vitambulisho vya taifa, kadi za bima na hati ya kiwanja. Zipige picha nyaraka hizo na uzitume kwa ndugu anayeishi mkoa mwingine. Mkoba uning'inie karibu na mlango, usifungiwe kabatini.

Namba mbili zijulikane na kila mtu, hata watoto: 114 ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji, na 112 ya dharura. Ongeza ya mwenyekiti wa mtaa na ya mjumbe wako.

Hatua ya nne: soma taarifa, kisha mpigie mtu wa juu

Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania hutoa taarifa za siku tano zenye ngazi tatu: angalizo kwa rangi ya njano, tahadhari kwa rangi ya chungwa, na tahadhari kubwa kwa rangi nyekundu. Njano isidharauliwe. Inamaanisha uahirishe safari zisizo za lazima, uzibue mtaro na uchaji simu. Chungwa inamaanisha kuwa anayeishi kingoni mwa korongo alale kwa ndugu. Nyekundu inamaanisha kuwa familia hiyo iwe imekwisha kuondoka.

Hata hivyo, taarifa hizo hutolewa kwa mkoa mzima, wala haziwezi kukuambia kama saa kumi na nusu leo mvua itapigia upande wa Ilboru au upande wa Tengeru. Kazi hiyo inaweza kufanywa na mtu mmoja anayeishi juu yako. Kila familia ya bondeni itafute shangazi, rafiki au mteja anayeishi Sambasha, Ilboru, Kibosho, Uru au Old Moshi, iafikiane naye kwamba mvua ikinyesha kwa nguvu kwake kwa muda wa dakika 20, atapiga simu. Simu hiyo haina gharama kubwa, na inaweza kukupa nafasi ya kutosha kuwahamisha watoto. Ujumbe wa sauti unaosambazwa kwenye makundi ya simu bila tarehe wala jina la mahali hauwezi kuchukua nafasi yake.

Hatua ya tano: radi inapoanza

Hesabu sekunde kati ya mmweko na ngurumo. Sauti husafiri takriban mita 340 kwa sekunde, hivyo kila sekunde tatu ni kilomita moja. Ukifikisha sekunde 30 au pungufu, radi iko ndani ya kilomita 10 na unapaswa kuwa ndani tayari. Radi inaweza kupiga kilomita kadhaa nje ya eneo la mvua, kwa hiyo anayesubiri matone ndipo aondoke shambani amechelewa. Ukishaingia ndani, subiri dakika 30 baada ya ngurumo ya mwisho. Wengi hupigwa mvua ikiwa imekatika na watu wameanza kutoka.

Mahali salama ni nyumba kamili yenye kuta, nyaya na mabomba yanayoweza kuupeleka umeme ardhini, au ndani ya gari lenye paa la chuma na vioo vilivyopandishwa. Kibanda cha sokoni cha miti na bati, banda la ng'ombe, kituo cha daladala kilicho wazi na nyumba ya nyasi havikingi radi, japo vinakinga mvua. Bajaji na bodaboda havikingi kitu. Chini ya mti ndiko mahali pabaya kuliko pote, iwe ni jakaranda ya mjini au mruka unaokipa kivuli kihamba cha kahawa, kwa sababu umeme huruka kutoka kwenye shina hadi kwa mtu, au hupita ardhini kupitia mizizi na kuingia mwilini kwa mguu mmoja na kutokea kwa mwingine. Ndiyo maana ng'ombe wengi hufa kwa pigo moja: miguu yao ya mbele na ya nyuma imeachana mbali. Mchungaji aachane na mti, aachane na uzio wa waya, awatawanye wenzake hatua nyingi kutoka mmoja hadi mwingine, na aelekee bondeni penye ardhi kavu lakini si ndani ya korongo.

Ndani ya nyumba, chomoa televisheni, friji na chaja kabla mawingu hayajafika. Ukiwa umechelewa, usivishike. Usioge, usioshe vyombo kwenye bomba la chuma, usisimame mlangoni wala usiegemee ukuta wenye nondo. Simu ya mkononi isiyounganishwa na waya haina tatizo.

Tulikuzwa tukiambiwa tufunike vioo na tusivae nguo nyekundu. Kufunika kioo hakumdhuru mtu, lakini hakumkingi pia, na ubaya wake ni kwamba aliyekwisha kufunika kioo hujiona amemaliza kazi na kwenda kusimama barazani. Baya zaidi ni imani ya radi ya kutumwa, ambayo huwafanya majirani washikane uchawi wakati aliyepigwa bado angeweza kuokolewa. Mwaka 2018 mkoani Geita radi iliua wanafunzi wakiwa shuleni, na jambo la maana ambalo kamati ya shule yoyote inaweza kulifanya baada ya kusikia habari kama hiyo ni kuuliza kama madarasa yao yana mitego ya radi iliyofungwa na fundi anayejua kazi, yenye waya mnene usiokatika hadi ardhini.

Hatua ya sita: maji yaliyokatiza njia

Hapa ndipo watu wengi hupotelea, na mara nyingi wakiwa na akili timamu na haraka ya kawaida tu ya kufika nyumbani. Maji yanayokwenda kasi yenye kina cha sentimita 15, yaani yaliyopita kidogo tu kifundo cha mguu, yanaweza kumwangusha mtu mzima. Sentimita 30 zinaweza kuliinua gari dogo, na sentimita 60 zinaweza kuyasomba magari mengi, hata yale ya juu. Sababu ni mbili. Kwanza, gari ni chombo chenye hewa ndani, na kila sentimita 10 za maji zinazopanda juu ya sakafu yake hulipunguzia mamia ya kilo za uzito kwenye matairi. Pili, kasi ya maji ikiongezeka mara mbili, nguvu yake ya kusukuma huongezeka mara nne. Uzito wa gari ambalo dereva analiamini ndio hasa maji yanaomnyang'anya.

Zaidi ya hayo, maji ya matope hayaonyeshi chini. Barabara uliyopita asubuhi inaweza kuwa imeliwa na kubaki shimo, na kijiti cha kupimia kinakuambia kina cha pale uliposimama tu. Gari lililotangulia na kuvuka halithibitishi chochote, kwa kuwa maji yanaongezeka na lenyewe limezidi kuibomoa njia.

Amri ni moja: geuka au subiri. Mto wa mlimani hupanda haraka, na kwa kawaida hushuka ndani ya saa chache, mvua ikikatika huko juu. Anayesubiri amepoteza jioni moja. Dereva wa kifodi, basi dogo la abiria, asishangiliwe kwa ushujaa. Abiria mmoja akisema kwa sauti ya upole, "Kaka, mimi nishushe hapa, nitasubiri," mara nyingi wengine watamfuata, na dereva naye atapata sababu ya kusimama bila kuonekana mwoga. Kwa mwenye bodaboda, kusukuma pikipiki ndani ya maji ni hatari kuliko kuvuka bila pikipiki, kwa sababu mikono haiko huru na chombo kinavutwa na mkondo.

Likitokea gari limezimika ndani ya maji, fungua mkanda, fungua dirisha mara moja kabla umeme wa gari haujakatika, utoke kupitia dirishani na upande juu ya paa, watoto wakitangulia. Mlango ukisukumwa na maji kwa nje haufunguki kirahisi. Aliyechukuliwa na mkondo alale chali, miguu ikitangulia kuelekea maji yanakokwenda ili ipokee mawe badala ya kichwa, na ajisogeze kidogo kidogo kuelekea ukingoni. Akifikia lundo la magogo, apande juu yake, asikubali kuvutwa chini.

Anayetazama kutoka ukingoni asijitose. Piga 114, kisha mrushie aliye majini dumu tupu la lita 20 lililozibwa vizuri na kufungwa kamba ndefu, na kamba hiyo ishikwe na watu kadhaa waliosimama mbali na ukingo. Mwokoaji asiye na kamba anageuka kuwa mtu wa pili wa kuokolewa.

Ziko dalili ambazo anayeishi kando ya korongo anapaswa kuzijua kama anavyojua sauti ya mlango wake: maji safi kubadilika rangi ghafla, majani na vijiti kuongezeka, mngurumo wa mawe yanayogongana juu huko, na ile inayowadanganya wengi zaidi, mto kupungua ghafla wakati mvua bado inanyesha. Mto ukipungua hivyo, huenda magogo na tope vimeuziba mahali, na ukizibuka utashuka kwa mkupuo mmoja. Usiende kuchungulia. Panda.

Hatua ya saba: watoto na njia ya shule

Tarehe 12 Aprili 2024 jijini Arusha gari la shule lilisombwa na maji ya korongo likiwa na wanafunzi, na watoto wakapoteza maisha. Mwezi huo huo Waziri Mkuu wa wakati huo, Kassim Majaliwa, aliliambia Bunge kuwa watu 155 walikwisha kufa nchini kutokana na mvua za msimu ule zilizochochewa na El Niño. Tangu hapo sijaweza kumwona dereva wa gari la shule akisubiri kwenye kivuko bila kumheshimu.

Wazazi wakubaliane na shule kwa maandishi, kabla ya msimu, kwamba dereva ana haki ya kusimama au kurudi bila kupigiwa simu za lawama, na kwamba siku ya mvua kubwa watoto watabaki shuleni hadi maji yapungue, hata ikibidi walale huko. Njia ya gari ipitiwe na mzazi mmoja pamoja na dereva wakati wa kiangazi, kila kivuko kikiwekewa alama na njia mbadala. Asubuhi iwe vivyo hivyo: mvua iliyonyesha usiku mzima mlimani ni sababu halali ya mtoto kuchelewa darasani. Watoto wanaotembea kwa miguu wafundishwe kwamba korongo si njia ya mkato kati ya Machi na Mei, hata likiwa kavu.

Hatua ya nane: maji yakielekea nyumbani, hasa usiku

Siku ambayo mlima umefunikwa na ardhi imekwisha kushiba maji, lala umevaa nguo za kutokea, simu ikiwa imechajiwa na viatu vikiwa karibu na kitanda. Familia ya bondeni iwe na zamu ya kuamka kila baada ya saa mbili kumulika mto kwa tochi kutoka mbali. Ukiamua kuondoka, ondoka kwa miguu kuelekea juu. Usipoteze muda kubeba magodoro. Zima swichi kuu ya umeme ikiwa unaifikia ukiwa umesimama pakavu. Kama maji yameshafika miguuni, iache. Funga mtungi wa gesi na uufunge kamba, kwa kuwa mtungi huelea. Wafungulie ng'ombe na mbuzi kamba zao.

Kama maji yamekuzingira na huwezi tena kutoka, panda juu ya kitu imara, ikibidi juu ya paa, na utumie filimbi na tochi. Usijifungie darini kusiko na pa kutokea.

Kwa wanaoishi kwenye miteremko mikali ya Machame, Kibosho au Marangu, hatari ya pili ni maporomoko. Desemba 3, 2023, tope na mawe vilivyoshuka kutoka Mlima Hanang vilifunika sehemu za mji mdogo wa Katesh na kuua zaidi ya watu 80. Ufa mpya ardhini, miti au nguzo zilizoanza kuinama, mlango uliokuwa ukifunga vizuri na sasa unakwama, au chemchemi iliyotokea pasipokuwa na maji: dalili yoyote kati ya hizo inatosha kuhama usiku ule ule, kwa kwenda pembeni mwa mteremko, si kuteremka nao.

Hatua ya tisa: kumhudumia aliyepigwa na radi

Mwili wa aliyepigwa hauna umeme uliobaki. Mguse bila woga, ila kwanza hakikisha nyote mko mahali pa usalama. Wengi waliopigwa na radi hupona, na wanaokufa hufa hasa kwa moyo kusimama na pumzi kukatika. Asipopumua kawaida, mlaze chali, weka viganja viwili katikati ya kifua na ukandamize kwa kina cha sentimita tano hadi sita, mara 100 hadi 120 kwa dakika, ukimwachia mwingine kila unapochoka, mpaka apumue au msaada ufike. Wakiwa wengi wamepigwa kwa pamoja, anza na walionyamaza. Anayelia na kulalamika anapumua. Wote wapelekwe hospitali, hata anayesema hana neno. Kumfukia mtu ardhini ili "atolewe umeme", kama wengine wafanyavyo, kunamaliza dakika chache alizobakiwa nazo.

Hatua ya kumi: maji yakishapungua

Rudini mchana, watu wazima peke yao kwanza. Tazama kuta kwa nje kabla ya kuingia, na usiingie kwenye nyumba ya udongo iliyolowa hadi ikauke na kukaguliwa. Waya wa umeme ulioanguka, hata kama unaonekana umekufa, utolewe taarifa TANESCO na watu wakae mbali nao. Pekua kwa fimbo, si kwa mkono. Nyoka nao walikuwa wakitafuta pakavu.

Visima na matangi ya chini yaliyoingiwa na maji ya mafuriko yahesabiwe kuwa yamechanganyika na maji ya vyoo. Chemsha maji ya kunywa hadi yatokote kwa nguvu kwa dakika moja, au dakika tatu kwa vijiji vilivyo juu ya mita 2,000, ama tumia vidonge vya klorini kwa kufuata maelekezo ya pakiti. Chakula kilichoguswa na maji hayo kitupwe, hata kama ni gunia la mahindi. Mwenye kuhara maji maji apewe maji ya chumvi na sukari ya pakiti na kupelekwa kituo cha afya siku hiyo hiyo, kwa sababu kipindupindu hakisubiri. Kidonda kilichoingia tope kioneshwe kwa mganga kwa ajili ya pepopunda.

Piga picha za uharibifu kabla ya kusafisha, kisha upeleke taarifa kwa mwenyekiti wa mtaa au kijiji ili iingie kwenye orodha ya kamati ya maafa. Kalavati iliyoziba iandikwe pia, pamoja na mahali ilipo, na ipelekwe TARURA (barabara za mijini na vijijini) au TANROADS (barabara kuu na za mkoa) kulingana na barabara. Tope likishatolewa, chukua kopo la rangi, piga mstari ukutani pale maji yalipofikia, na uandike tarehe kando yake kwa herufi kubwa, ili atakayepanga au kununua nyumba hiyo kiangazi kijacho aione.